Jeli inayovimba kwenye baridi na kunywea kwenye joto: mwongozo kamili wa kuitengeneza na kuipima ukiwa Kampala

Maharage ukiyaloweka usiku, asubuhi unayakuta yamevimba, hiyo kila mtu anaijua. Sasa fikiria maharage ambayo kwenye maji ya baridi yanavimba, ukiyahamishia kwenye maji ya moto yanajikunja na kutema maji, ukiyarudisha kwenye baridi yanavimba tena, na unarudia hivyo mpaka uchoke wewe. Posho, yaani ugali, haiwezi hiyo, ikishaiva imeiva hairudi kuwa uji, yai nalo vilevile. Haidrojeli ya NIPAM inaweza, na ndo hiyo nataka tuitengeneze na kuipima hatua kwa hatua, kwa sababu mi nilipoifanya kama project ya mwaka wa mwisho hapa Kampala nilipoteza wiki kadhaa kwa makosa ambayo hakuna aliyeniambia.

Makosa yenyewe karibu yote yalitoka sehemu mbili: joto ambalo nilidhani nalijua kumbe silijui, na haraka. Kemia yenyewe wala haikunisumbua sana.

Kwanza elewa inafanyaje kazi

NIPAM ni kifupi cha N-isopropilakrilamaidi, unga mweupe wa fuwele. Ukiunganisha molekuli zake unapata minyororo mirefu, yaani polima, na ukifunga minyororo hiyo pamoja kwa kiunganishi unapata wavu unaobeba maji ndani yake, ndo haidrojeli. Kila kipande cha mnyororo kina upande unaopenda maji na upande unaoyachukia. Kwenye baridi maji yanaushika ule upande unaopenda, na kuuzunguka ule unaochukia yanajipanga vizuri, kama watu wa Kabale kule milimani kwenye baridi asubuhi kila mtu na blanketi lake. Joto likipanda, mpangilio ule unavunjika, maji yanajiondokea, na zile sehemu zinazochukia maji zinakimbiliana na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Wavu unanywea.

Hii inatokea karibu na digrii 32. Heskins na Guillet waliandika kuhusu polima hii kwenye maji mwaka 1968, halafu 1978 Toyoichi Tanaka pale chuo cha MIT Marekani akaonyesha kwamba jeli inaweza kuporomoka ghafla, siyo kupungua polepole tu, ingawa yeye alianza na jeli nyingine kwenye mchanganyiko wa asetoni na maji. Ya NIPAM yeye na mwenzake Hirokawa waliifikia 1984. Digrii 32 iko chini kidogo ya joto la mwili, na ndo maana watu wa dawa wanaipenda. Kule Japani Teruo Okano na wenzake walipaka polima hii kwenye sahani za kuoteshea seli, kwenye 37 seli zinashika sahani, ukishusha hadi 20 zinaachia zenyewe kama karatasi nzima bila kukwanguliwa.

Lakini angalia hiyo namba tena. Digrii 32. Kampala mchana unagonga 28 mara nyingi, na kama uko Gulu mwezi wa pili chumba kisicho na feni kinaweza kupita 32 kabisa, yaani jeli yako inanywea juu ya meza hujaigusa. Wenzetu wa nchi za baridi wanaandika "joto la chumba" kwenye daftari na maisha yanaendelea. Wewe ukiandika hivyo umeandika hewa. Andika namba, kila mara.

Hatua ya 1: sahihisha themomita kabla ya kitu chochote

Hii watu wanairuka, nami niliiruka. Chukua barafu iliyopondwa, changanya na maji kidogo, koroga, chovya themomita, isome 0. Halafu chemsha maji. Hapa ndo penye mtego: Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye digrii 96 hivi, siyo 100, na Kabale huko juu ni karibu 94. Jamaa mmoja niliyekuwa naye maabara alisahihisha themomita yake ya kidijitali ili isome 100 kwenye maji yanayochemka, akajiongezea digrii 4 za uongo upande wa juu, halafu akashangaa jeli yake inanywea kwenye joto ambalo halipo kwenye maandishi ya mtu yeyote. Kama kuna themomita ya zebaki nzuri iliyosahihishwa, linganisha nayo hapo katikati kwenye 25 mpaka 40, maana huko ndiko utakakofanyia kazi.

Hatua ya 2: vitu vya kutafuta, na usalama

NIPAM yenyewe. Kiunganishi kinaitwa methilini-bisakrilamaidi, kila mtu anasema BIS. Kianzishi ni amoniamu pasulfeti, APS. Kiharakishi ni TEMED, kimiminika chenye harufu ya samaki aliyeoza ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. NIPAM ni bei na inaagizwa nje, kwa hiyo agiza mapema kabla hata ya kuandika proposo, na gramu 25 zinatosha project nzima ukiwa na adabu.

Maji yawe yaliyokenekwa. Usichukue yale ya betri ya petroli stesheni, mengine ni asidi kabisa. Ya bomba yana chumvi, na chumvi inashusha joto la kugeuka, kwa hiyo utapata matokeo ya bomba lako badala ya matokeo ya jeli.

Kuhusu usalama sitanii. Jamii hii ya akrilamaidi kabla haijawa polima ni sumu ya mishipa ya fahamu, inapita kwenye ngozi, na unga wake ukipeperuka unauvuta. Vaa glavu za nitraili, pima ndani ya kabati la maabara la kutolea hewa chafu nje (fume hood), funika chombo unapokibeba, na usije na chapati yako maabara. TEMED inashika moto na inachoma ngozi. APS inasumbua watu wenye pumu. Hii siyo kazi ya jikoni, na kama huna maabara ruka, nenda kwenye ile ya methiliselulosi nitakayoitaja chini.

Hatua ya 3: kutengeneza

Kipimo ninachokitumia ni kile kile cha kizamani kilichotumiwa sana na watu wa Tanaka, nimekipunguza kiwe cha mililita 10: NIPAM gramu 0.78, BIS miligramu 13.3, TEMED maikrolita 24, APS miligramu 4. Miligramu 4 ni taabu kuzipima kwenye mizani ya kawaida, kwa hiyo yeyusha miligramu 40 kwenye mililita 1 ya maji, halafu chukua maikrolita 100 ya huo mchanganyiko. Utengeneze siku hiyo hiyo, wa jana umeshachoka.

Yeyusha NIPAM na BIS kwenye maji mililita 9.9, weka TEMED, funga kwa kizibo cha mpira, halafu pitisha nitrojeni kwa sindano dakika 20 hadi 30. Oksijeni ndo adui mkubwa hapa, inakula zile chembe zinazoanzisha mnyororo na jeli haigandi. Huna mtungi wa nitrojeni? Chemsha yale maji kwanza kabla ya kuyeyushia chochote ili hewa itoke, yapoze yakiwa yamefungwa, yeyusha humo, halafu vuta hewa kwa pampu dakika kama 15. Siyo sawa na nitrojeni ila inafanya kazi.

Sasa kabla ya kuongeza APS, weka chupa kwenye beseni la maji yenye vipande vya barafu, yakae kati ya 15 na 20. Hapa ndo niliharibu jeli zangu tatu za kwanza. Mchanganyiko huu ukianza kuungana unatoa joto lake mwenyewe, na kama umeanzia kwenye 27 saa nane mchana, dakika chache tu ndani ya chupa umeshavuka 32, kwa hiyo wavu unajengwa ukiwa tayari unanywea na unapata jeli nyeupe kama maziwa. Siyo kwamba ni takataka, hiyo nyeupe ina matundu makubwa na inanywea haraka kuliko ile safi, kuna watu wanaitengeneza kwa makusudi. Ila kama ulitaka jeli inayoonekana kama kioo na vipande vinavyofanana, umeikosa.

Ongeza APS, zungusha chupa taratibu bila kutengeneza mapovu, vuta kwa sirinji na ujaze katikati ya vioo viwili vilivyotenganishwa kwa mpira wa milimita 2. Acha kwenye baridi masaa 24. Inaanza kukamata mapema sana lakini usiiguse. Mi huwa naiacha naenda Wandegeya kula rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, nikikaa pale nitaanza kuchokonoa.

Hatua ya 4: kukata na kuosha

Fungua vioo, kata visahani vya kipenyo cha milimita 10 kwa bomba la chuma lenye ncha kali, lile la kutobolea vizibo. Kata kumi au zaidi, vitatu kwa kila jaribio na vya akiba maana vitapasuka. Viweke kwenye maji mengi, badilisha maji kila siku kwa muda wa wiki. Ndiyo, wiki. Ndani bado kuna NIPAM ambayo haikuungana, na hiyo ina uzito na ni sumu. Kuna ujanja wa kuharakisha: peleka jeli kwenye maji ya 40, inatema maji na uchafu wake, irudishe kwenye baridi inywe maji safi, rudia mara kadhaa kwa siku. Joto lipande polepole lakini, sababu iko kwenye hatua inayofuata. Maji ya kuoshea ya siku za kwanza yaweke kwenye chombo cha taka za kemikali, yasiende sinki.

Hatua ya 5: kupima kuvimba, hapa ndo kuna kazi

Unachotafuta ni maji mangapi kwa kila gramu ya polima kavu. Hesabu ni: uzito wa jeli iliyovimba, toa uzito ikiwa kavu, gawa kwa uzito ikiwa kavu. Kisahani cha vipimo tulivyotumia kikikauka kinabaki na kama gramu 0.0125. Tuseme kwenye digrii 20 kimevimba hadi gramu 0.2500, basi ni 0.2375 gawa kwa 0.0125, unapata 19. Tuseme kwenye 40 kimebaki 0.0275, unapata 1.2.

Sasa chukulia umesahau kufuta tone dogo la gramu 0.01 juu yake. Kwenye 20 jibu linatoka 19 kwenda 19.8, hakuna atakayeona. Kwenye 40 linatoka 1.2 kwenda 2.0, umekosea kwa theluthi mbili. Kwa hiyo kufuta kunakuwa muhimu zaidi jeli ikiwa imenywea, na huko ndiko watu wanakofuta kwa haraka kwa sababu maji ni ya moto na jeli inaanza kupoa mkononi. Tumia karatasi ya kuchujia siyo tishu, tishu inaacha nyuzi. Gusisha upande wa juu, wa chini, ukingo, sekunde tatu kila upande, namna ile ile kila mara, mtu yule yule. Pima ndani ya chombo kilichofunikwa chenye uzito unaojulikana.

Ngazi za joto nazopendekeza ni 20, 25, 28, 30, 31, 32, 33, 34, 36 na 40. Zimesongamana katikati kwa sababu huko ndo kila kitu kinatokea. Nenda juu ngazi moja moja. Ukiitoa jeli kwenye 20 ukaitumbukiza kwenye 40, ngozi ya nje inanywea kwanza inakuwa nzito kama kifuniko, maji ya ndani yanakosa njia, na utaona malengelenge juu yake kama mtu aliyeungua. Inaweza kukaa hivyo muda mrefu sana na wewe unaandika uzito ukidhani imetulia.

Kila ngazi subiri hadi uzito uache kubadilika, siyo hadi saa ya chakula. Kipimo changu: vipimo viwili vilivyopishana masaa 6 visitofautiane zaidi ya asilimia 1. Muda wa kusubiri unategemea unene mraba, kipande cha milimita 4 kinahitaji mara nne ya kile cha milimita 2, kwa hiyo anayekata vipande vinene ili "vishikike vizuri" anajitafutia mwezi mzima maabara. Na karibu na 32 jeli inakuwa nzito zaidi kuamua, muda unarefuka kuliko kwenye 25 au 40. Mi mara ya kwanza nilitoa dakika 20 kila ngazi, nikapata grafu inayoteremka kama mlima mpole, supavaiza akaiangalia akauliza "huu ni uzito au ni uvivu?" Alikuwa sahihi, nilirudia yote.

Chombo cha joto la kudumu sasa. Beseni la umeme la maabara linapasha tu, halipoozi, kwa hiyo haliwezi kukupa 20 kwenye chumba cha 27. Kwa 20 na 25 tumia kisanduku cha barafu, kile cha kubebea soda, weka maji na uongeze barafu kidogo kidogo ukiangalia themomita. Na umeme ukikatika? Utakatika tu. Hapa flaski ya chai ndo mkombozi: jaza maji ya joto unalotaka, tumbukiza kichupa kilichofungwa chenye jeli na maji yake, funga. Flaski nzuri kwenye 33 ndani ya chumba cha 25 inashuka polepole sana, unaiangalia kila baada ya saa na kuongeza maji ya moto kijiko au viwili. Nimemaliza ngazi nzima ya 34 kwa flaski ya mama mwenye nyumba, na sikuirudisha kwenye chai baada ya hapo, nilimnunulia nyingine.

Ukimaliza kupanda hadi 40, shuka tena kwa ngazi zile zile. Mstari wa kushuka usipolingana na wa kupanda, ama hukusubiri vya kutosha ama jeli ina tabia ya kukumbuka ilikotoka, na huwezi kujua ni ipi mpaka urudie ngazi mbili tatu kwa muda mrefu zaidi.

Hatua ya 6: uzito mkavu uchukue mwisho

Vitabu vingi vinaanza na jeli kavu. Mi nasema maliza kuvimba kwanza, kausha mwisho, kwa sababu jeli ikikauka inakuwa kama kioo na ukiirudisha kwenye maji inapasuka vipande, na kipande kilichopotea ni uzito uliopotea. Iache hewani siku mbili ikiwa imefunikwa karatasi yenye matundu, halafu oveni ya 50 mpaka uzito utulie. Poza kwenye chombo chenye silika jeli, zile punje za kuvuta unyevu, kabla ya kupima, msimu wa mvua inavuta unyevu wa hewa ukiitazama. Kosa la miligramu 1 hapa ni asilimia 8 kwenye kila namba yako yote, kwa hiyo mizani iwe ya desimali nne.

Kasi ya kuvimba, kwa ufupi

Ukitaka na kasi pia, hapo ndo unahitaji kipande kavu, basi tengeneza visahani vya pembeni kwa kazi hiyo. Tumbukiza kwenye maji ya 25, pima dakika 5, 10, 20, 40, halafu kila saa. Gawa maji yaliyoingia kwa maji ya mwisho, chora logi (logarithm) ya hiyo dhidi ya logi ya muda, ukitumia asilimia 60 za mwanzo tu. Mteremko ukiwa karibu 0.5 kwa kisahani chembamba, maji yanaingia kwa kusambaa tu. Ukiwa kati ya 0.5 na 1, minyororo yenyewe inachelewa kulegea na inachangia. Eksel inatosha.

Kama huna maabara

Tafuta methiliselulosi, inatumika kwenye vyakula na haina sumu hiyo. Tawanya gramu 2 kwenye maji ya moto sana kiasi kidogo, koroga, ongeza maji ya baridi hadi mililita 100, weka kwenye friji usiku kucha iyeyuke. Ukiipasha taratibu, mahali fulani juu ya 50 inaganda, ukiipoza inakuwa kimiminika tena. Haitakupa kuvimba kwa namba kama NIPAM, lakini kwa wanafunzi wa sekondari inatosha kabisa kuonyesha kitu kinachoganda kwa kupashwa na kuyeyuka kwa kupozwa.

Ikigoma

Haijaganda baada ya siku nzima: mara nyingi ni APS iliyovuta unyevu au oksijeni iliyobaki, badilisha APS kwanza kwa sababu ndo rahisi. Imeganda lakini inachuruzika kama uji wa mgonjwa: BIS ndogo, au haikuyeyuka yote, BIS inayeyuka taratibu kwenye maji ya baridi. Inavimba kidogo mno na ni ngumu: BIS nyingi. Inanywea kwenye 29 badala ya 32: rudi hatua ya 1 ukaangalie themomita, ikiwa sawa angalia maji yako kama yana chumvi. Inanywea polepole bila kona yoyote kwenye grafu: hukusubiri, na vipande vya kurudia bado viko kwenye kichupa chako cha akiba, kwenye maji safi, kwenye friji.